Bata Mwitu kwa Divai Nyekundu

Uji wa mahabusu ulikuwa umeshika utando juu, na Nyavu hakuwa ameugusa. Aliketi sakafuni ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, akikwangua matope yaliyomkaukia kisiginoni.

"Hebu nieleze tena," Inspekta alimwambia.

"Mama, nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu."

"Tena."

Kwa ajili ya neno hilo moja, kituo kizima kilimwita Mama Tena. Mwenyewe alijua, na hakuwahi kumkemea mtu. Alivuta kibao, akakikalia, akapakata mkoba wake kama mwanamke anayengoja zamu ya kusukwa.

Nyavu alishusha pumzi, akaanza upya. Ijumaa alfajiri alikuwa bwawani. Alitega wavu upande wa kusini, mahali palipokatazwa, na hilo hakatai. Alinasa bata mwitu wawili, akawamaliza kwa rungu, akapiga kafi kurudi kwake kabla jua halijatoka sawasawa. Mlinzi wa bwawa hakumwona. Ila yeye alimsikia mlinzi akikohoa kikohozi chake kile cha sigara, kule kwenye matete karibu na kibanda.

"Basi alikuwa hai."

"Maiti hawakohoi, mama."

"Na baada ya hapo?"

"Mlio wa bunduki. Niliwaambia hawa vijana wako walionileta, wakacheka. Wakasema kila anayekamatwa husikia bunduki."

"Wewe unayo?"

"Bunduki? Ningekuwa nayo ningeitwa Nyavu?"

Inspekta hakucheka, lakini aliinuka taratibu kuliko alivyokusudia, na kabla ya kutoka alimwambia askari wa zamu abadilishe uji ule, alete wa moto.

Mambo yalikuwa hivi. Wanawake wanaokata matete ndio waliomkuta mlinzi wa bwawa siku ile ya Ijumaa, jua limepanda kiasi, amelala kifudifudi majini, kisogo kimepasuka. Polisi walilifunga bwawa saa hiyo hiyo. Hata chura hakuruhusiwa kutoka, kama Koplo alivyopenda kusema. Mchana wakamkamata Nyavu, mwenye ugomvi wa miaka na marehemu, mwenye damu mtumbwini na rungu chini ya kiti. Mkuu wa kituo aliridhika. Kesho, Jumatatu, Nyavu angesimama mahakamani kwa kosa la mauaji.

Inspekta ndiye hakuridhika. Daktari aliyeipima maiti alisema kichwa kilipigwa kwa kitu kizito, bapa, chenye ukingo wa chuma ulionyooka. Rungu la Nyavu lilikuwa la mviringo, mti mtupu.

Kilikuwapo kitu kingine, ambacho bado hakujua pa kukiweka. Ndani ya kibanda cha mlinzi, juu ya meza, walikuta mfuko wa pete za ndege, zile alizokuwa akiwavisha miguuni ili wajulikane wanakokwenda na kurudi. Zilikuwa za alumini, za njano, mpya kabisa. Mfuko ulikuwa umefunguliwa na koleo dogo liko pembeni. Mjane alieleza kwamba pete hizo zilikuja kwa basi Alhamisi jioni. Za miaka yote iliyopita zilikuwa za bluu. Mumewe alizifurahia kama mtoto aliyenunuliwa viatu, akatoka Ijumaa kungali giza akawavishe ndege wa kwanza.

"Afande, kwani tunazunguka nini?" Koplo aliuliza akiwa kwenye usukani. "Nyavu ndiye. Kama si rungu, alitumia kafi."

"Kafi lake lina chuma?"

Koplo alibadilisha gia.

Walikuwa wanakwenda kwa mfamasia, yule mwenye duka la dawa karibu na posta, ambaye majirani walimwita Daktari na yeye hakuwasahihisha. Mkewe na mjane walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mfamasia na marehemu, kwa hiyo, walikuwa wanyumba. Maelezo ya familia yalikwisha kuandikwa Ijumaa jioni katikati ya vilio: mfamasia alikuwa amelala mpaka mkewe alipomwamsha kwa chai. Mke alisema hivyo, mume akasema hivyo, wote wakatia sahihi. Leo Mama Tena alitaka kuyasikia tena, macho yao yakiwa makavu.

Mlango wa nyuma wa nyumba yake ulikuwa wazi. Kabla hawajabisha, harufu iliwapokea: divai, kitunguu saumu, na nyama inayoanza kushika moto.

"Karibuni, piteni huku huku jikoni," mwanamke aliita. "Mume wangu yuko dukani, leo ni zamu yake. Atarudi chakula cha mchana. Mnisamehe, sufuria hii siwezi kuipa mgongo."

Mwanamke huyo mjini aliitwa Shefu, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alifanya kazi miaka mingi kwenye jiko la hoteli kubwa, chini ya Mfaransa mmoja mwenye sauti ya kutikisa sahani kabatini. Alitoka pale na kisu chake mwenyewe, aproni nyeupe, na namna ya kusimama mbele ya jiko la gesi ambayo mtu hawezi kuiiga: miguu imeachana kidogo, mkono mmoja kiunoni, jicho moja kwenye moto na jingine kwa wageni.

"Pole tena kwa msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa, Inspekta. Tutafanyaje? Hiki ninachopika nakipeleka kwa mdogo wangu. Tangu Ijumaa anashindia maji. Nikamwambia, hiki utakula, utake usitake. Marehemu alikipenda sana. Kila nikipika alikwangua sufuria."

Koplo alikuwa amekwisha kusogea karibu na jiko. Inspekta alimgusa bega.

"Nenda kwa fundi bunduki. Anakaa nyuma ya karakana yake, utamkuta. Muulize habari za bunduki ya mwenye nyumba hii. Daftari letu linaonyesha anayo moja, ya kuwindia ndege."

"Ipo huko kwa fundi," Shefu alisema bila kugeuka. "Tangu msimu wa kuwinda ulipofungwa."

"Ndiyo, ulituambia. Koplo, nenda."

Koplo aliondoka shingo imegeukia sufuria.

Inspekta alivuta kiti, akaketi karibu na meza. Alikuwa na tabia ya kumwacha mtu afanye kazi yake huku anamhoji, maana mikono ikishughulika ulimi hujisahau. Juu ya meza palikuwa na beseni la enameli lenye divai iliyogeuka rangi ya damu iliyoganda, ndani yake vitunguu vya duara, karoti, na fungu la majani ya kunukia lililofungwa kwa uzi. Vipande vya bata vilikuwa vimeopolewa humo, vikapanguswa kimoja kimoja kwa kitambaa, vikapangwa kwenye sinia.

"Mbona unavikausha tena baada ya kuvilowesha?"

"Kipande kikiwa na maji hakikaangiki, kinachemka. Nataka kigeuke rangi. Mfaransa alikuwa anasema utamu wote uko kwenye ile ngozi ya kahawia inayoshika chini ya sufuria." Aliweka donge la siagi, likayeyuka likatoa povu, akalaza vipande vitatu, ngozi ikitazama chini. Jiko zima likalia.

"Mimi nikikaanga bata nyumbani, sihitaji siagi," Inspekta alisema. "Mafuta yake mwenyewe yanatosha kupikia wiki nzima."

Shefu aligeuza kipande ambacho hakikuwa tayari kugeuzwa, akakirudisha.

"Hawa ni wembamba," alisema.

"Wametoka wapi?"

"Kuna mfugaji huko nje ya mji. Mume wangu ndiye aliyewaleta."

"Lini?"

"Ijumaa hiyo hiyo, asubuhi. Nikawanyonyoa, nikawakata, nikawalaza kwenye divai. Ndiyo kwanza nafunika beseni, simu ikalia. Mdogo wangu." "Ikabidi wakae humo mpaka leo. Hata hivyo hawaharibiki. Nyama ya porini inataka..." Akakohoa. "Nyama ngumu namna hii inataka siku mbili."

Inspekta aliliacha neno hilo lipite. Aliangalia sinia. Kwenye kidari kimoja palikuwa na kitobo kidogo, cheusi pembezoni, na unyoya laini uliosukumwa ndani ambao divai haikuutoa. Kwenye paja la pembeni kulikuwa na mkwaruzo wa ncha ya kisu, kama mtu aliyekuwa akichokonoa kitu. Kando ya sinki, nyuma ya chupa ya sabuni, kikombe cha chai kilikuwa kimepinduliwa juu ya kisahani. Jikoni humo kila chombo kilikuwa kimeoshwa na kurudishwa mahali pake, isipokuwa hicho.

"Hebu nieleze tena asubuhi ya Ijumaa."

"Alikuwa amelala. Nilimwamsha kwa chai."

"Akanywa chai, akaenda nje ya mji, akarudi na bata, ukawanyonyoa wote, ukawakata, na simu ya msiba ikakukuta umemaliza?"

Shefu alitoa vipande vilivyoiva ngozi, akaweka vingine.

"Nafanya upesi," alisema.

"Naona."

Nyama yote ilipokwisha kukaangwa, alitia vitunguu vipya, karoti na uyoga, akanyunyiza unga wa ngano, akakoroga kwa mwiko mpaka harufu ya unga mbichi ikaisha. Kisha akamimina divai ile ya beseni. Mvuke ulipanda hadi darini. Alikwangua chini ya sufuria kwa bidii, akairudisha nyama yote.

"Nishikie chujio, Inspekta, kama hutojali. Nataka kuongeza supu ya mifupa."

Inspekta alisimama, akashika chujio juu ya bakuli kubwa. Shefu aliinua chungu cha pili, kilichokuwa kikitokota kwenye moto mdogo wa nyuma, akakiinamisha. Supu ilipita, safi, ya rangi ya dhahabu. Ndani ya chujio vikabaki vichwa, migongo, shingo, na miguu ya bata iliyokatwa kwenye goti.

"Na miguu pia?"

"Ndiyo inayofanya rojo ishike mdomo. Niliikata tu nikaitosa ndooni na matope yake, nikaja kuiosha baadaye, haraka haraka. Siku ile kichwa hakikuwa changu."

Inspekta alikuwa hasikilizi tena. Mguu mmoja, uliolainika na kutakata kwa kuchemka, ulikuwa umevaa pete.

Aliweka chujio mezani. Akatoa kitambaa mkobani, akaushika mguu ule kwa ncha za vidole, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii uliiona?"

Shefu alifuta mikono kwenye aproni, akainama kutazama. Hakuonekana kuogopa. Alionekana mtu aliyekutwa na kosa dogo.

"Basi, Inspekta, nisikufiche. Si wa mfugaji. Ni wa bwawani. Shemeji anawavisha pete, mji mzima unajua. Alikuwa anawavisha. Lakini..." Akakaza macho. "Za shemeji si za bluu?"

"Zilikuwa za bluu."

"Hii ni ya njano."

"Za njano zilikuja kwa basi Alhamisi jioni. Mdogo wako ndiye aliyetuambia."

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi hii. Na mfuko aliufungua Ijumaa alfajiri."

Sufuria ilianza kuchemka kwa nguvu nyuma ya Shefu, na yeye, pasipo kutazama, alinyoosha mkono akapunguza moto. Kisha akachukua upawa, akaanza kuhamisha supu ile, upawa baada ya upawa, ndani ya nyama, akaweka mfuniko.

"Kwa hiyo ndege huyu," Shefu alisema polepole, "shemeji alimshika kwa mikono yake. Asubuhi ile."

"Alimshika, akamvisha pete, akamwachia aruke. Na kabla sisi hatujalifunga bwawa, ndege huyu akawa hapa mezani pako."

Gari lilisimama nje. Milango miwili ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Mfamasia aliingia wa kwanza, mtu nadhifu mwenye masharubu yaliyopunguzwa vizuri, koti lake jeupe la dukani limekunjwa mkononi. Koplo alimfuata, alikuwa amempakia garini njiani. Alimnong'oneza Inspekta maneno machache sikioni.

"Inspekta! Umekuja siku njema," mfamasia alisema. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la gesi, akafunua sufuria, akachovya mwiko, akapuliza, akaonja. "Chumvi bado, mke wangu."

Shefu akaurudisha mfuniko juu ya sufuria.

"Daktari, keti," Inspekta alisema. "Sitakuchelewesha. Bunduki yako iko wapi?"

"Kwa fundi. Tangu msimu ufungwe."

"Fundi anasema umeipeleka Ijumaa mchana."

"Fundi yule! Kwake yeye kila siku ni Ijumaa. Umemkuta hajalewa?"

"Alikuwa mzima kabisa, Daktari," Koplo alisema. "Alinikaribisha chai. Anasema bunduki umemletea bila kitako, ukataka akuchongee kingine upesi."

"Kitako kilipasuka. Iliniangukia sakafuni nikiisafisha. Nikakitupa."

"Sawa," Inspekta alisema. "Na hawa bata?"

"Wa mfugaji mmoja huko..."

Inspekta alisogeza kitambaa katikati ya meza, akakifunua. Mfamasia aliutazama mguu ule na pete yake. Akacheka kidogo puani, akaketi, akapitisha kiganja usoni.

"Basi. Umenikamata. Niliona aibu kusema, na msiba wenyewe huu. Niliwanunua kwa Nyavu, Ijumaa asubuhi, kule njia ya bwawani. Alikuwa na haraka, anatetemeka, anauza kwa bei ya kutupa. Sikujua kwa nini. Nilikuja kujua mchana, kama watu wote. Ni kosa kununua ndege wa bwawani, najua, na niko tayari kuadhibiwa kwa hilo."

Koplo alipiga kofi paja lake. "Si nilisema, afande! Anatetemeka!"

"Ulisema," Inspekta alikubali. Alitoa karatasi mkobani, akaandika bila haraka, huku akitamka kila neno kwa sauti kama mwalimu wa imla. Mimi niliyetia sahihi hapa chini nilinunua bata hawa kwa mtu aitwaye Nyavu, asubuhi ya Ijumaa, karibu na bwawa. Akaigeuza karatasi, akaweka kalamu juu yake.

"Nataka uelewe, Daktari. Nyavu anakwenda mahakamani kesho. Mpaka sasa tuna rungu ambalo halilingani na jeraha, basi. Ukitia sahihi hapa, inaonekana alikuwa na ndege waliovishwa pete na marehemu dakika za mwisho za uhai wake. Karatasi hii ndiyo itakayomnyonga."

Maneno alimwambia mume, lakini macho yake yalikuwa kwa mke, aliyesimama na upawa mkononi.

"Haki itendeke," mfamasia alisema, akashika kalamu.

"Usitie sahihi," Shefu alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu asikanyage sakafu iliyopigwa deki. Mfamasia akageuka.

"Mke wangu, haya mambo..."

"Nyavu hana bunduki."

Alikwenda kando ya sinki. Akakibeba kisahani pamoja na kikombe kilichopinduliwa juu yake, akavileta mezani, akainua kikombe. Kwenye kisahani palikuwa na chembe za risasi, ndogo kama mbegu za mtama, za kijivu, baadhi zimebonyea.

"Nilizitoa Ijumaa," alimwambia Inspekta. "Kwa ncha ya kisu, moja moja. Mtu akiuma chuma mezani, anayetukanwa ni mpishi. Wavu hauachi hivi. Nilijua amewapiga msimu uliofungwa. Nikasema ni faini, tutalipa, yaishe. Aliponiomba niseme alikuwa amelala, nikasema alikuwa amelala. Nilidanganya. Alitoka kungali giza, akarudi amelowa mpaka kiunoni, na gunia begani."

"Unajua unachofanya?" mfamasia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na wewe ulijua ninachofanya? Tangu juzi naweka chakula hiki sawa. Nimekikalia macho. Nilikuwa nampikia nani? Si unajua? Ningemketisha mdogo wangu mezani, nimpakulie kwa mkono wangu, nimwambie kula, mama, kula upate nguvu. Na wewe ungekuwa pale umeshika kijiko."

Mfamasia aliiweka kalamu chini. Aliisawazisha iwe sambamba na ukingo wa karatasi, kama alivyozoea kupanga vitu kwenye kaunta yake.

"Sikwenda kwa ajili yake," alisema mwishowe. "Nilikwenda kwa ndege. Alisikia mlio, akaja. Mwaka jana alinikuta akaninyamazia, na mwaka juzi vile vile. Mara hii akasema undugu umeisha, atanipeleka polisi. Nikamsihi. Nikamwambia nitanyang'anywa kibali cha bunduki, mji mzima utanicheka. Akanipa kisogo, akaanza kwenda."

"Ukampiga kwa kitako."

"Mara moja."

"Kitako kiko wapi?"

"Stoo. Nyuma ya makopo ya rangi."

Inspekta alimtikisia kichwa Koplo, naye akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba kipande cha mti kilichofungwa gazeti, kimepasuka kwa urefu, na kwenye upande mmoja kina bamba la chuma lenye ukingo ulionyooka. Safari hii hakusema, "Si nilisema." Alitoa pingu, akamfunga mfamasia kwa adabu, akimwachia nafasi ya kuvaa kwanza koti lake.

"Na sufuria pia tunaichukua," Inspekta alimwambia Shefu. "Ni kielelezo. Na wewe itabidi uje uandike maelezo mapya, uyafute yale ya kwanza. Utaulizwa kwa nini."

"Nitaulizwa, nitajibu." Shefu alizima gesi. Alifungua mkanda wa aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti. "Mdogo wangu anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua ila sisi."

"Majirani wakimwona huyu anaingizwa garini, habari zitamfikia kabla hawajavuka barabara. Nipeleke mimi kwanza. Akisikia, asikie kwangu."

Koplo aliambiwa angoje ndani, mapazia yameshushwa. Wanawake wale wawili walitoka kwa mlango wa nyuma, wakapita uchochoro wa nyuma ya duka la viatu, wakapandisha ngazi za nyumba ya ghorofa moja yenye kuta za kijani.

Mjane alifungua mwenyewe. Alikuwa mwembamba kuliko dada yake, khanga imefungwa kiunoni, uso umevimba. Akamtazama dada, akamtazama Inspekta.

"Dada, karibu. Mbona na polisi tena? Watoto wanauliza chakula."

"Twende ndani, mdogo wangu. Ukae kwanza."

Inspekta alibaki kizingitini, akauvuta mlango bila kuufunga. Alisikia kiti kikiburutwa. Alisikia sauti ya Shefu, ya chini, isiyopumzika, kama mtu anayesoma. Kisha ikanyamaza. Inspekta akaanza kuhesabu maua ya chuma kwenye wavu wa dirisha ili asiingie. Halafu akasikia kilio kimoja kifupi, na hakuweza kutambua ni cha nani kati yao, maana ndugu wale walikuwa na sauti moja.

Mlango ulipofunguka alikuwa mjane. Macho yake yalikuwa makavu. Alijishikilia kwenye fremu kwa mkono mmoja.

"Yule mliyemfungia," alisema. "Mtega ndege. Ana watoto?"

"Anao."

"Basi mtoeni leo hii. Msingoje kesho."

"Atatoka leo."

"Na huyu dada yangu, mtakapomaliza naye huko kituoni, msimrudishe kwenye ile nyumba. Mleteni hapa. Analala kwangu."

Inspekta aliitikia. Mjane akarudi ndani, na mlango ukafungwa. Inspekta akashuka ngazi, akafuata barabara ya kituo kwa mwendo wa haraka kuliko desturi yake, kwenda kumfungulia Nyavu.